Vijitabu vya wasifu wa walimu wastaafu katika steshenari za Tabora mjini: karatasi wanaiweza, ualimu bado

Mwalimu mstaafu akifariki Tabora, kaburi halijaanza kuchimbwa na tayari kijana mmoja wa ukoo ametumwa mjini na flashi mfukoni. Anakwenda steshenari, zile za kuzunguka soko kuu au za njia ya stendi, kuchapisha kile ambacho wengi huita "ratiba", ingawa ratiba yenyewe ni ukurasa mmoja tu na kurasa nyingine zote ni wasifu, picha, salamu na nyimbo. Tathmini hii ni ya huduma hiyo kwa jumla, si ya duka fulani. Mashine zinafanana, violezo vinafanana kwa kuwa vimehamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa miaka, na hata makosa yao ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa walio na haraka ya msiba, hukumu ni hii: uchapaji wao ni mzuri kuliko unavyosemwa. Maandishi, hasa maisha ya kazi ya mwalimu, usiwaachie hata kidogo.

Bidhaa ya kawaida ni kijitabu cha A5: karatasi za A4 zimekunjwa katikati na kubanwa pini mbili mgongoni. Kila karatasi moja huzaa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 8, 12, 16 au 20. Ukipeleka maandishi ya kurasa 13, tatu zitabaki tupu na utazilipia, au dizaina atazijaza maua na njiwa. Kwa mwalimu aliyefanya kazi miaka thelathini na kitu, kurasa 16 zinatosha vizuri. Nakala 100 za kurasa 16 zinakula karatasi 400: mia moja za jalada na mia tatu za ndani, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu rimu. Ongeza ishirini za kuharibika, maana zitaharibika.

Usiulize "kijitabu shilingi ngapi". Uliza bei tano, moja moja: kuchapa maandishi kwa ukurasa, dizaini, kuskani kila picha, kuprinti kwa upande (rangi na nyeusi mbalimbali), na kukunja na kubana kwa kila nakala. Halafu uliza la sita ambalo hawalitaji mpaka mwisho: marekebisho ni bure mara ngapi? Katika maduka mengi duru ya kwanza ya masahihisho ni bure, na kuanzia ya pili mazungumzo hubadilika.

Gharama kubwa iko kwenye rangi, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha bila sababu. Katika kijitabu cha kurasa 16, karatasi ya nje hubeba kurasa za 1, 2, 15 na 16, na karatasi ya katikati hubeba za 7, 8, 9 na 10. Weka picha zote kwenye kurasa hizo nane tu, ziprintiwe kwa rangi, na kurasa nane zilizobaki ziwe maandishi meusi. Rangi inapungua nusu na hakuna msomaji atakayeona upungufu. Dizaina hatakushauri hivyo, wala si kwa hila. Kiolezo chake kina picha kila baada ya kurasa mbili na ndivyo alivyokikuta.

Kuhusu mashine, ulizia kama ni ya leza au ya wino wa maji. Kijitabu hiki kitashikwa na mikono yenye jasho, kitawekwa chini ya turubai mvua ikinyesha, kitakunjwa kutiwa kwenye mkoba. Wino wa maji ukiguswa na unyevu unatiririka, na uso wa marehemu ndio unaoharibika kwanza. Leza haitiririki. Ila nayo ina lake: katriji za mashine ndogo hukadiriwa kwa kurasa zenye maandishi machache, yapata asilimia 5 ya karatasi. Ukurasa wenye picha kubwa yenye mandhari nyeusi unakula mara nyingi ya hapo. Ndiyo maana nakala za mwisho katika mafungu mengi hutoka na mistari myeupe usoni. Dai kwamba nakala ya 1 na ya 100 zifanane, na zikague zote mbili kabla ya kulipa salio.

Karatasi ya ndani ya gramu 80 inafaa. Ya gramu 70 ni rahisi lakini maandishi ya upande wa pili yanaonekana, na wazee wenye miwani watahangaika. Kwa jalada, karatasi nzito ya kung'aa ya gramu 150 hivi ni nzuri. Ikizidi hapo mashine ndogo hukwama, na hulazimika kulishwa kwa mkono, moja moja, kupitia mdomo wa nyuma au wa pembeni. Karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa mashine za wino wa maji isiingizwe kamwe kwenye leza: ule mng'ao unayeyuka kwa joto na kugandia ndani. Duka likipoteza mashine saa nne usiku kabla ya mazishi, wewe ndiye umepoteza kijitabu. Jalada zito lipigwe mfuo kwa mgongo wa kisu na rula kabla ya kukunjwa, la sivyo rangi hupasuka palepale kwenye mkunjo. Maduka yanayopiga mfuo ni machache. Ukiliona moja, hapo kuna fundi.

Kosa la kawaida zaidi la mashine ni kurasa za nyuma kutoka kichwa chini. Karatasi imegeuzwa kwa ubavu mrefu badala ya mfupi. Dawa yake ni kutoa nakala moja kamili kwanza, kuikunja, kuibana na kuisoma kwa kufungua kurasa kama msomaji wa kanisani. Dakika kumi hizo zinaokoa rimu nzima.

Picha sasa. Mwalimu aliyeajiriwa miaka ya sabini mara nyingi ana picha tatu tu zenye maana: pasipoti ya kitambulisho, ya harusi, na ya pamoja na walimu au darasa la saba mbele ya ofisi ya shule. Pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa kwa doti 600 kwa inchi inaweza kuchapwa kwa sentimita 7 kwa 9 ikiwa safi. Kuivuta ijaze jalada zima ni kukuza chembechembe, na matokeo yake ni sura ya mtu aliyechorwa kwa mchanga. Iweke ndani ya fremu, iache nafasi nyeupe, iheshimike. Duka likiwa halina skana nzuri, piga picha kwa simu kivulini nje, bila flashi, picha ikiwa imelala bapa na simu ikiwa sambamba nayo. Usiitume WhatsApp kama picha. Itume kama dokumenti, vinginevyo inabanwa na kupoteza ubora. Na dizaina akitaka "kumng'arisha" marehemu, mkataze. Programu za kusafisha nyuso humtoa mzee wa miaka 74 akiwa kijana wa miaka 30 mwenye ngozi ya plastiki, na wanafunzi wake hawatamjua.

Picha ya pamoja ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa. Maduka hupenda kuikata ili wabaki na kichwa cha marehemu peke yake. Iache nzima, ichukue kurasa mbili za katikati, 8 na 9, na chini yake yaandikwe majina ya waliosimama kuanzia kushoto kadiri wanavyojulikana. Hakikisha uso wa mtu hauangukii kwenye pini.

Tukija kwenye maandishi, steshenari zinaanguka, na zinaanguka vibaya.

Kiolezo chao kinaanza na "Marehemu Mzee" au "Marehemu Bibi". Cheo cha ualimu kinatupwa. Huu ni mji ambao Julius Nyerere alisoma, kisha akafundisha shule ya St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Hapa neno "Mwalimu" kwenye jalada si pambo. Andika "Mwalimu" kabla ya jina, na kwa walimu wa kike andika pia jina la kabla ya ndoa kama ndilo lililo kwenye cheti cha ualimu. Waliofundishwa naye alipokuwa msichana hawalijui la mume.

Tarehe zote zitoke kwenye faili la marehemu, zisitoke kwenye kumbukumbu ya wajomba. Mwalimu mstaafu karibu kila mara ana faili, kwa sababu mafao yake yasingelipwa bila barua: ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, za uhamisho, na ya kustaafu. Toa hizo, zipange kwa miaka, halafu chora jedwali la mistari: mwaka wa kuanza, mwaka wa kuondoka, shule, wilaya, wadhifa. Jumlisha miaka. Ikiwa wasifu unasema alitumikia miaka 37 na jedwali linatoa 34, kuna kituo kimesahauliwa, au kuna miaka ya masomo kazini haijaandikwa. Kipimo kingine ni umri: aliyezaliwa 1951 anastaafu kwa lazima 2011, akiwa na miaka 60. Ikiandikwa alistaafu 2007, basi ni kwa hiari, ambayo inaruhusiwa kuanzia miaka 55, na maandishi yaseme hivyo.

Kuna kosa moja ambalo wachapaji hulifanya kwa nia njema kabisa. Wanaona mwalimu kaajiriwa 1976 na cheti chake ni cha 1979, wanadhani umekosea, wanageuza. Hujakosea. Huyo ni mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, walimu wa vyuoni wasingetosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundisha vijijini huku wakijifunza ualimu kazini. Cheti kilikuja baadaye. Ukigeuza miaka hiyo unamfutia mwalimu sehemu ya maisha yake iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kama ndivyo ilivyokuwa, andika waziwazi kuwa alianza kama mwalimu wa UPE. Kuna familia zinazoona haya kulitaja neno hilo kwa sababu ya utani uliokuwa ukifanywa juu yake. Sisi tunaona kinyume: aliyebeba darasa la watoto wengi kijijini huku yeye mwenyewe akisomea kazi usiku ana la kujivunia.

Vyeo navyo vinachanganywa. Wa shule ya msingi ni mwalimu mkuu. Wa sekondari ni mkuu wa shule. Aliyestaafu 1998 akiwa mkaguzi wa shule abaki mkaguzi wa shule, asigeuzwe mthibiti ubora, jina lililokuja miaka mingi baadaye. Daraja la IIIA ni kiwango cha cheti cha ualimu; TGTS D ni ngazi ya mshahara. Tumeona vijitabu vinavyoandika "Mwalimu Daraja D", kitu ambacho hakikuwapo. Somo la Siasa lisibadilishwe kuwa Uraia kwa mtu aliyelifundisha miaka ya themanini.

Wilaya na mikoa nayo inahama chini ya miguu ya watu. Kaliua ilikuwa ndani ya Urambo hadi 2012. Upande wa Kigoma, Buhigwe ilitoka Kasulu, Kakonko ikatoka Kibondo, na Uvinza ikatoka Wilaya ya Kigoma. Mpanda ilikuwa Mkoa wa Tabora mpaka Rukwa ilipoundwa 1974, na leo iko Katavi: shule moja, mikoa mitatu, na mwalimu hakuhama hata dawati. Andika jina la wakati ule, kisha "sasa Wilaya ya" fulani. Hivyohivyo kwa shule za misheni zilizotaifishwa baada ya sheria ya elimu ya 1969, ambazo baadhi zilibadilishwa majina. Waliosoma zamani watatafuta jina la zamani.

Aya ya sifa ndiyo dhaifu kuliko zote. "Marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mchapakazi na mpenda watu." Sentensi hiyo imo kwenye kiolezo, na tunaamini imeshawazika watu wengi wasiofanana. Ifute. Piga simu kwa wanafunzi wake watatu wa vituo tofauti na mwalimu mwenzake mmoja, uwaulize mambo madogo: alifundisha darasa gani zaidi, somo gani, alianzaje kipindi, alikaa nyumba ya shule au ya kupanga, alisimamia shamba la shule au kwaya, wanafunzi walimwita nani kisirisiri. Aliyepiga kengele ya kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe saa moja na nusu kila asubuhi, huyo anaonekana. "Mpenda watu" haonekani.

Urefu wake? Andaa maandishi mawili. La kusomwa liwe na maneno 500 hadi 600, ambayo ni dakika tano kwa msomaji asiyekimbia. Padri au mchungaji hatakupa zaidi, na akikupa, jua la saa nane halitakupa. La kijitabu linaweza kufika maneno 1,500. Herufi ziwe za ukubwa wa 12, kwa kuwa wasomaji wako wakuu ni wastaafu wenzake. Peleka dukani PDF, si faili la Word peke yake, maana likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine herufi hubadilika na kurasa 16 huwa 17.

Muda ndio unaoamua yote. Mashine ya kurasa 20 kwa dakika ingepaswa kumaliza pande 800 kwa dakika 40. Kwa kupasha moto, kugeuza, kukwama na kubadili katriji, panga saa tatu. Kukunja na kubana nakala 100 ni saa moja na nusu kwa watu wawili wenye stepla ya mkono mrefu. Stepla fupi ya ofisini haifiki mgongoni, na duka lisilo na ile ndefu litakubania pembeni kama mtihani wa mock. Umeme ukikatika, duka lisilo na jenereta linakaa gizani pamoja nawe, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa malipo ya awali.

Kwa mazishi ya siku mbili tatu, kazi yote hiyo haiwezekani kufanyika vizuri, na hapa tuna ushauri ambao maduka hayatoi kwa sababu unawapunguzia oda ya haraka. Siku ya mazishi toa karatasi moja tu ya A4 iliyokunjwa: picha, ratiba, wasifu mfupi, wimbo mmoja. Kijitabu kamili kiende kwenye arobaini au ibada ya shukrani. Hapo faili limesomwa, wanafunzi wamepigiwa simu, picha za watu waliokuja msibani zimekusanywa, na nakala 100 zinakwenda kwa watu watakaozihifadhi badala ya kujipepea.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo Tabora mjini na Ujiji ni nyingi, mpango huo ndio pekee unaofaa. Maiti husitiriwa mapema, mara nyingi siku ileile, na makaburini hapasomwi wasifu. Kijitabu, kama familia inakitaka, hutoka siku ya hitma. Muulize shehe au imamu kuhusu picha jaladani, wapo wasioipenda. Na aya za Kurani zisichapwe kwenye karatasi itakayoachwa chini ya viti. Maduka huziweka kama urembo bila kuuliza.

Vibao vya kaburini ni biashara ya pembeni ya baadhi ya maduka haya, na huko hatuwasifu. Herufi za rangi juu ya marumaru hupauka kwa jua, chagua zilizochongwa. Msalaba wa mbao uwe wa mninga, sehemu ya ndani yenye rangi, siyo ile nyeupe ya nje ambayo mchwa huila kama mkate. Kujengea kaburi kungoje msimu mmoja wa mvua upite, Novemba hadi Aprili, udongo ushuke kwanza, la sivyo vigae vitapasuka.

Maziko yakiwa Kasulu au Kibondo na uchapaji ukafanyika Tabora, vijitabu vifungwe ishirini ishirini ndani ya nailoni, kisha kwenye boksi, na viingie ndani ya basi, si kwenye buti la chini ambako maji hupenya. Nakala moja ipelekwe kila shule aliyofundisha, akabidhiwe mwalimu mkuu na mtu aliyetajwa jina, na kumi zibaki nyumbani. Kabla ya kulipa salio, chukua mafaili mawili, PDF na lile linaloweza kuhaririwa, pamoja na picha zote zilizoskaniwa. Yajaribu kuyafungua papo hapo kwenye simu, kwa kuwa flashi za steshenari zina virusi, na kompyuta ya duka husafishwa ikijaa. Ukirudi baada ya mwezi kuulizia, utaambiwa "ilikuwepo".